Mzabibu Mmoja, Nchi Mbili

Katika vijiji vyetu na katika miji twasikia maneno mawili yanayopingana, na mara nyingine twayasikia katika kinywa kimoja. Kijana aliyekulia katika umaskini akiwa mtu mwema, mwenye bidii na uvumilivu, watu husema: «Shida ndiyo iliyomfunza.» Jirani yake aliyekulia katika umaskini uleule akiwa mwizi au mlevi, watu walewale husema: «Maskini, shida ndiyo iliyomharibu.» Basi, shida hufanya nini hasa? Hufunza au huharibu? Nasi tunaolea watoto, yatupasa kuwaachia shida au kuwaondolea?

Swali hili si la wenye elimu tu. Hulijibu baba anayekadiria kazi na chakula cha mwanawe. Hulijibu mwalimu anayeamua kumfukuza mwanafunzi au kumvumilia. Hulijibu mjomba aliyeachiwa yatima, anapoamua kama yatima huyo ataenda shule pamoja na watoto wake mwenyewe. Wote hawa hulijibu kwa matendo, hata kama hawajaketi kulifikiri.

Ili tulifikiri vema, tutatafuta msaada katika mmea mmoja, yaani mzabibu. Wengi wetu twaijua divai kwa sababu twaiona altareni, lakini mmea wenyewe hatujauona. Walakini mmea huu wafaa sana kwa swali letu. Kwa muda wa karne nyingi wakulima wake wamechungua jambo hilihili: udongo, maji, jua na baridi vyafanya nini katika tunda? Kwao jambo hili si mchezo wa akili. Ni mkate wao.

*Kijiti kinachovuka bahari*

Msomaji anayelima muhogo atafahamu upesi. Kwa kupanda muhogo hatutafuti mbegu. Twakata kijiti cha shina, twakichomeka ardhini, nacho chaota. Shamba jipya ni muhogo uleule wa shamba la zamani. Mzabibu hupandwa vivyo hivyo. Ukipanda mbegu ya zabibu, utapata mtoto asiyefanana na mama yake, na pengine asiyefaa kitu. Kwa hiyo mkulima hukata kitawi na kukiotesha. Hivyo mzabibu mmoja waweza kudumu karne baada ya karne, ukihama kutoka shamba hadi shamba na kutoka nchi hadi nchi, nao ni uleule.

Hapo twapata jambo ambalo kwa wanadamu ni gumu kulipata. Ndugu wawili wa tumbo moja, kama si mapacha wa kufanana, hawakurithi mambo yaleyale. Ukiona tabia zao zimeachana, huwezi kujua kwa hakika kama ni malezi au maumbile. Lakini vijiti viwili vya mzabibu mmoja, kimoja hapa na kingine ng'ambo ya bahari, ni wa asili moja. Ni kweli, mabadiliko madogo hutokea katika miaka mingi, na kila mkulima huchagua mashina yampendezayo. Lakini asili ni ileile. Matunda yakitofautiana sana, hatuna budi kutazama mahali yalipokua na mikono iliyoyatunza.

Tutwae basi mzabibu mmoja wa zabibu nyekundu, ambao jina lake ni Malbec. Umeishi katika nchi mbili zisizofanana hata kidogo.

*Nyumbani kwake*

Asili ya Malbec ni Ufaransa, upande wa kusini-magharibi. Uchunguzi wa urithi wa mimea umeonyesha wazazi wake. Baba ni mzabibu uitwao Prunelard, na mama ni Magdeleine Noire des Charentes, ambaye ni mama wa zabibu ya Merlot pia. Mahali panaposifiwa zaidi kwa Malbec katika Ufaransa ni Cahors, mji ulio kando ya mto Lot. Huko wenyeji huuita mzabibu huu Côt. Mashamba mengine yako bondeni, juu ya kokoto zilizoletwa na mto. Mengine yako juu ya uwanda wa mawe ya chokaa, ambapo udongo ni haba, na mizizi hujipenyeza katika nyufa za mwamba.

Mkulima wa Cahors hatawali mvua. Ikinyesha wakati wa maua na hewa ikiwa baridi, maua ya Malbec huanguka bila kugeuka tunda. Mmea huu wajulikana kwa udhaifu huo. Ikinyesha karibu na mavuno, zabibu huoza. Baridi ya barafu ikija wakati wa kuchipua, machipukizi hufa. Mwaka mmoja huwa mwema, mwaka mwingine huwa mbaya, na mkulima hupokea yote mawili.

Divai ya huko tangu zamani ilijulikana kwa rangi yake nzito, hata watu wakaiita divai nyeusi. Tena ina ukakasi, yaani ile hali ya kukaza ulimi tunayoisikia tukitafuna ndizi mbichi. Anayeionja ingali changa huweza kukunja uso. Lakini ikikaa miaka kadhaa, ule ukakasi hulainika, nayo huwa divai ya heshima.

*Ugenini*

Mwaka 1853 Mfaransa mmoja mwenye elimu ya mimea, Michel Aimé Pouget, aliwekwa kuongoza shamba la mafunzo ya kilimo katika mji wa Mendoza, nchini Argentina. Jambo hilo lilikuwa limehimizwa na Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi hiyo. Pouget alileta vijiti vya mizabibu ya Kifaransa, na Malbec ilikuwa kati yake.

Mendoza iko chini ya milima ya Andes. Ni nchi kavu kabisa. Kwa mwaka mzima hupata mvua ya kama milimita 200 tu, na Cahors hupata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Mzabibu ukiachwa hapo peke yake hauwezi kuzaa. Lakini milimani kuna theluji, na theluji ikiyeyuka hutoa mito. Kabla ya kuja kwa Wahispania, watu wa kabila la Huarpe walikwisha chimba mifereji ya kuongoza maji hayo mashambani, na mpaka leo nchi ile huishi kwa mifereji. Mkulima wa Mendoza hufungua mlango wa mfereji, maji yakaingia. Huufunga, maji yakakoma. Siku hizi wengine hutumia mipira yenye matundu, inayodondosha maji kidogo kidogo chini ya kila shina.

Tena mashamba yako juu. Mengi yako kati ya meta 600 na meta 1,100 juu ya bahari, na mengine katika bonde la Uco hufika meta 1,500. Jua ni kali, hewa ni kavu, usiku ni baridi. Kwa ukavu huo zabibu haziozi kwa urahisi. Lakini tusidhani kwamba ni paradiso. Mvua ya mawe huweza kumaliza shamba kwa dakika chache, hata wakulima wengi hufunika mizabibu yao kwa nyavu. Upepo wa moto uitwao Zonda hushuka milimani na kukausha maua. Nayo barafu yaja huko pia.

Mgeni huyu alishika mizizi. Leo Argentina ina zaidi ya hektari 40,000 za Malbec, kuliko nchi nyingine yoyote. Na tunda lake ni la namna nyingine. Rangi ni nzito vilevile, lakini divai ni laini, ina utamu wa tunda lililoiva sawasawa, na ukakasi wake haukwaruzi ulimi. Mtu aliyezoea divai ya Cahors akinywa ile ya Mendoza, aweza kuuliza kama kweli ni zabibu ileile. Ndiyo, ni ileile.

*Siri iko katika ganda*

Tofauti hii yatoka wapi? Kwanza tujue kwamba katika zabibu nyekundu zilizo nyingi, maji ya ndani hayana rangi. Ukiikamua zabibu upesi, hutoka maji meupe. Wekundu uko katika ganda. Divai huwa nyekundu kwa sababu maganda huachwa yaloweke katika maji ya zabibu wakati yanapochacha. Ukakasi nao hutoka katika ganda na katika mbegu. Basi kila jambo linalogusa ganda hugusa tabia ya divai.

Tuanze na maji. Mzabibu ukinyweshwa sana, mara nyingi hufanya majani mengi na matawi marefu. Zabibu zake huvimba, maji huzidi ganda, rangi hufifia. Tena majani mengi huleta kivuli, na zabibu iliyoiva kivulini mara nyingi huwa na harufu ya majani mabichi. Maji yakipungua kwa kiasi, mmea huacha kurefusha matawi, zabibu hubaki ndogo, ganda likawa na sehemu kubwa zaidi kuliko maji, na rangi ikaongezeka. Lakini maji yakipungua mno, majani hujifunga na kuacha kutengeneza sukari. Hapo zabibu hukunjamana kabla ya kuiva. Divai yake huwa na ukakasi bila utamu, na shina lenyewe huingia mwaka unaofuata likiwa dhaifu.

Tuje kwa jua. Huko juu milimani hewa ni nyepesi, na miale ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huunguza ngozi ya watu, hufika kwa nguvu zaidi. Zabibu hujikinga nayo kwa kujaza ganda lake rangi na vitu vingine vya kinga. Wataalamu wa Mendoza wamelijaribu jambo hili. Katika shamba lililo karibu na meta 1,500 walifunika baadhi ya mizabibu ya Malbec kwa plastiki inayozuia miale hiyo, na mingine wakaiacha wazi. Zabibu zilizopigwa na jua lote zilikuwa na rangi nyingi zaidi katika ganda kuliko zile zilizokingwa.

Usiku nao una kazi yake. Zabibu inapoiva, utamu huongezeka na uchachu hupungua. Joto huharakisha kupotea kwa uchachu. Baridi ya usiku huuhifadhi. Ndiyo maana zabibu za mashamba ya juu huweza kuwa tamu bila kupoza ulimi: zina utamu, na uchachu umebaki wa kuusawazisha. Tena joto likipita kiasi, hata rangi haitengenezwi vizuri. Basi wasomaji waone wenyewe: hakuna kitu kimoja hapa, wala maji, wala jua, wala baridi, ambacho ni chema au kibaya peke yake. Kila kimoja huwa chema kwa kipimo na kwa wakati wake.

*Je, mzabibu wapaswa kuteseka?*

Wakulima wa Ufaransa wana msemo kwamba mzabibu wapaswa kuteseka ili utoe divai njema. Msemo huu umeenea kote, nao wafanana sana na maneno yetu kwamba shida humfunza mtu. Una ukweli ndani yake, kama tulivyoona. Mmea unaokula na kunywa bila mpaka huwa majani matupu. Wazazi wanaompa mtoto kila anachokililia, wasiomtuma kazi, wasiomkataza neno, wamfanyia kama yule anayeacha mfereji wazi mchana na usiku. Kijana huyo atakuwa mrefu, atakuwa na kivuli kikubwa, lakini siku ya mavuno utatafuta tunda kwa taa.

Lakini tuutazame msemo huu kwa makini zaidi, maana watu wengi hujificha nyuma yake. Mkulima anayesema hivyo, afanya nini shambani? Katika Mendoza hufunga maji, ndiyo. Lakini huyafunga wakati ambapo tunda limekwisha shika na bado ni dogo. Hutembea kati ya mistari, hushika majani, hutazama ncha za matawi. Mmea ukionyesha kwamba umefika mwisho wa nguvu zake, huyafungua tena. Kunyima kwake ni kazi. Hakumpunguzii kazi, humwongezea. Wala hakuna mkulima hata mmoja aombaye mvua ya mawe iwafunze adabu mizabibu yake. Kwa mvua ya mawe ananunua nyavu.

Basi kuna shida za namna mbili. Kuna shida ambayo mmea waweza kuijibu: jua humfanya aongeze rangi, ukavu wa kiasi humfanya aache majani na kutunza tunda. Na kuna shida ambayo mmea hauna jibu lake, nayo huvunja tu. Zote mbili twaziita «shida», na kwa sababu ya neno hilo moja twajidanganya.

Turudi Cahors kidogo. Katika Februari ya mwaka 1956 baridi kali mno iliikumba Ufaransa. Huko Cahors mizabibu iliyo mingi sana iliuawa, si majani tu, bali mashina yenyewe. Je, wakulima waliisifu baridi ile? Je, walisema kwamba mashina machache yaliyopona yameonyesha kuwa baridi ni mwalimu mzuri? Hapana. Walipanda upya. Walisaidiana, chama cha ushirika kilichoanzishwa Parnac mwaka 1947 kilikuwa msaada mkubwa katika kazi hiyo. Walitia Malbec kwa wingi katika mashamba mapya, na mwaka 1971 divai yao ilipata cheo cha kutambuliwa na sheria ya Ufaransa kwa jina la mahali pake. Leo sheria hiyo yataka Malbec isiwe chini ya sehemu 70 katika 100. Mtu akiona mwisho huo mwema, asiseme: «Tazama matunda ya baridi.» Ni matunda ya watu waliopanda baada ya baridi.

Nasi twafanya kosa hilo mara nyingi tunapotoa mifano. Twamtaja mtu mmoja mkubwa aliyelala njaa utotoni, aliyetembea maili nyingi kwenda shule bila viatu, na leo ana cheo. Twasema: «Mwone huyu!» Lakini wale wengine waliotembea njia ileile, wakaugua, wakaacha masomo, wakasahauliwa, hatuwataji, kwa sababu hakuna anayeyajua majina yao. Na yule aliyefaulu, ukimwuliza vizuri, karibu kila mara atakutajia mtu: bibi aliyemwekea chakula, mwalimu aliyemlipia daftari, katekista aliyemlaza nyumbani kwake. Palikuwa na mkono kwenye mlango wa mfereji.

*Ni ipi Malbec ya kweli?*

Kuna swali jingine ambalo wanywaji wa divai hupenda kubishania. Ni ipi Malbec ya kweli, ile kali ya Cahors au ile laini ya Mendoza? Wengine husema ya nyumbani ndiyo ya kweli, na ya ugenini imebadilishwa. Wengine husema kwamba ugenini ndiko ilikoonyesha uzuri wake, na nyumbani ilikuwa imefungwa.

Kwa maoni yetu swali lenyewe limekaa vibaya. Jua la Andes halikutia ndani ya Malbec kitu ambacho asili yake haikuwa nacho. Panda muhogo mahali pale, hutavuna zabibu. Uwezo wa kuwa kali na uwezo wa kuwa laini vyote vilikuwamo katika kijiti kile tangu mwanzo. Lakini uwezo hauonekani peke yake. Mahali huita, na mmea huitika. Hakuna Malbec isiyokua mahali fulani, ambayo tungeweza kuionja ili tujue ladha yake «halisi».

Kwa wanadamu neno hili ni zito. Twamkuta mtu mmoja amekuwa mkali, mwenye kushuku, mgumu kutoa, nasi twasema upesi: «Ndivyo alivyo.» Afadhali tuseme: «Ndivyo alivyo hapo alipokulia.» Mtu aliyeibiwa kila mara hujifunza kufunga mlango. Mtoto aliyepigwa kila aliposema kweli hujifunza uwongo, kama zabibu inavyojitengenezea ganda. Ganda hilo lilikuwa kinga yake. Tukimhamishia penye maji na amani, pengine tutaona utamu ambao hatukudhani umo ndani yake. Wala hatutauona mwaka uleule. Mzabibu mpya nao hungojewa kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno yake ya kwanza.

*Mahali mfano unapokoma*

Hata hivyo mtu si mzabibu, na yatupasa kusema wazi mahali mfano huu unapokoma. Mzabibu hauchagui. Ukinyimwa maji hukunjamana, ukipata kipimo chema huzaa vema, hauwezi kusema: «Nimeonewa, lakini sitaonea.» Mtu aweza kusema hivyo. Twawajua wanawake waliolelewa kwa matusi, nao wamekata shauri kwamba watoto wao hawatasikia tusi. Twawajua pia watu waliolelewa kwa upole wote, nao wamechagua uovu. Kwa hiyo yule anayejitetea akisema, «Nililelewa hivyo,» ametueleza jambo la kweli, lakini hajamaliza neno. Lililofanywa juu yake si kosa lake. Analowafanyia wengine leo ni shauri lake mwenyewe, kadiri ya uhuru alio nao.

Pengine mtu atauliza: «Basi mwataka tufanye nini? Tumhukumu au tumhurumie?» Twajibu: tutofautishe watu wawili. Ninapojitazama mimi mwenyewe, yanifaa kuukumbuka uhuru wangu, nisijifanye mmea. Ninapomtazama jirani yangu, yanifaa kukumbuka udongo wake, jua lake na ukame wake, ambao sikuupitia. Watu wengi hugeuza kipimo hiki. Makosa yao wenyewe huyaeleza kwa shida walizopata. Makosa ya wengine huyaeleza kwa ubaya wa moyo. Kipimo cha namna hiyo ni cha mfanyabiashara mwenye mawe mawili katika mfuko, moja la kununulia na moja la kuuzia.

*Anayeshika mlango wa mfereji*

Sasa twaweza kumrudia yule mjomba na yatima wake. Watoto wake mwenyewe waenda shule. Yatima achota maji, alinda mbuzi, ala mwisho. Ukimwuliza, atajibu kwa utulivu: «Namfunza maisha. Shida itamfanya mwanamume.» Wasomaji wapendwa, maneno haya twayapima kwa njia gani? Tumeona jinsi mkulima anavyofanya. Tumwulize mjomba maswali ya mkulima.

La kwanza: je, unamtazama? Anayenyima kwa kufunza hutazama kila siku kama mmea unajibu au unanyauka. Kama hujui mtoto amelala na nini tumboni, humfunzi, umemsahau.

La pili: je, mlango wa mfereji uko mkononi mwako, nawe u tayari kuufungua? Shida isiyo na mwisho wala kipimo si malezi.

La tatu: je, shida hiyo waitoa kwa watoto wako pia? Kama kuchota maji kwafunza, kwa nini mwanao asifunzwe? Mkulima hakaushi mistari ya jirani ili kunywesha mistari yake, kisha akaita jambo hilo elimu.

Mjomba asiyeweza kujibu maswali haya, shida anayoisifu yamletea faida yeye, wala si mtoto. Hilo ndilo jina lake la kweli, hata likivikwa methali nzuri namna gani. Na haya hayamhusu mjomba peke yake. Yamhusu tajiri asemaye kwamba mshahara mdogo huwafunza wafanyakazi kutopoteza fedha. Yamhusu mkubwa wa kazi anayewatesa vijana kwa sababu naye aliteswa alipokuwa kijana. Yatuhusu sisi sote tunapopita karibu na mwenye taabu tukisema moyoni: «Yatamkomaza.»

Wazee wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema kwamba mtoto hukua jinsi shida itakavyo. Walimtaja mlezi. Hatukuchagua udongo tulimoota, wala watoto wetu hawakuchagua. Jua, mvua na barafu hazimo mikononi mwetu. Lakini kila mtu mzima ana mlango mdogo wa mfereji mahali fulani: katika nyumba yake, darasani mwake, kazini mwake. Jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja wetu atazame ni nani aliye upande wa pili wa mlango huo, na kama maji yamemfikia.